Kofia Iliyobaki Msumarini

Kigombe, usiku wa kuamkia safari yako

Binti yangu Saumu,

Salamu tumeshapeana jioni hii juu ya mkeka, na kesho tutapeana nyingine kwenye basi la Tanga, kwa hiyo hapa sizirudii. Wala sikuandikii habari za kuchemsha maji ya kunywa, kufunga sanduku kwa kamba na kutoazimisha sahani yako kwa watu usiowajua. Hayo mama yako amekwambia tangu juzi, na nikitega sikio bado namsikia anayaendeleza huko ndani. Mimi nimekaa kibandani kwangu. Nimesogeza bisibisi na kopo la gundi nikapata mahali pa kuwekea karatasi, na taa nimeitundika kwenye usukani wa baiskeli ya muuza samaki. Nimekuja kujibu swali lako.

Tulipokuwa tunakula ulisema kwamba huko bara, kwenye chuo cha walimu, wanafunzi hupewa watoto wa shule ya jirani wawachezeshe michezo, na kwamba wewe ungependa kuwaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa manati. Kisha ukaniuliza, "Baba, zawadi niwape nini?" Nikakujibu uwape peremende, nikapeleka mkono kwenye mchuzi. Mama yako akanitazama. Wewe ulicheka kidogo ukaendelea kula. Tangu mwaka ule hukuwahi kulitaja neno manati mbele yangu, na siku uliyolitaja mimi nikasema peremende.

Sasa nakujibu kama nilivyopaswa kukujibu. Kwa habari ya kuchagua zawadi za walenga shabaha, kijiji hiki hakina mtu aliyekosea mara nyingi kuliko mimi, kwa hiyo umemuuliza mtu anayefaa.

Mwanzo wake ulikuwa ndege. Ulikuwa mdogo, huenda hukumbuki vizuri. Mpunga wa bondeni ulikuwa unaliwa kabla haujavunwa. Ndege asubuhi na jioni, tumbili mchana, na vijana waliokuwa wakikaa juu kwenye vichanja vya madungu kuamia mashamba yasiliwe walikuwa wamechoka. Kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, peke yako, jua likikuhamia kutoka bega hili hadi lile, si kazi ya kumvutia kijana aliyekwisha sikia kwamba Tanga kuna mpira na sinema. Walikuwa wanapanda dunguni, wanalala, wanarudi wakisema ndege mwaka huu ni wengi.

Jumbe wetu, Mzee Kombo, akaita watu barazani kwake. Yeye ndiye aliyetoa fikira ya mashindano: baada ya mavuno, vijana wote walioamia mashamba wakutane uwanjani, walenge kifuu cha nazi kilichoning'inizwa kwa kamba, na watakaolenga vizuri wapewe kitu. Akasema kijana akijua kuna siku ya kuonwa, atajizoeza dunguni, na akijizoeza dunguni ndege watakoma. Wote tukaona ni maneno ya maana. Kila mwenye shamba akaahidi pishi ya mpunga, iuzwe inunuliwe zawadi. Kazi ya kuzichagua nikapewa mimi, kwa sababu mbili tu. Mipira ya manati ilikuwa ikitoka kwenye tyubu zangu zilizochoka, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda Tanga mara kwa mara kutafuta spoku na mnyororo. Hakuna aliyeuliza kama najua kuchagua.

Mwaka wa kwanza niliingia dukani Tanga nikaona taa ya baiskeli, ile inayowaka kwa dainamo, kioo chake safi na mgongo wake umepakwa nikeli. Nikasahau kila kitu. Niliishika, nikaigeuzageuza, nikajiona nikipanda nayo usiku kutoka Pangani. Nikainunua. Hamza, mtoto wa jirani yetu, ndiye aliyeshinda. Alikuwa na umri wa kubalehe tu, mrefu, mpole, mwenye jicho zuri. Akapokea taa kwa mikono miwili, watu wakashangilia, na kwao hapakuwa na baiskeli. Haikuwapo kwa baba yake, haikuwapo kwa ami yake, haikuwapo kwa yeyote wa ukoo ule.

Unakumbuka alivyokuwa akija hapa kibandani kila jioni? Ulidhani anakuja kujifunza ufundi. Alikuwa anakuja kuomba gurudumu. Nilikuwa nampa baiskeli yoyote iliyopinduliwa, anafunga dainamo yake, anazungusha pedali kwa mkono, taa inawaka, anaitazama, kisha anafungua anarudi nayo kwao. Mimi nilifanya kazi yangu pembeni. Nilikuwa nimemnunulia mtoto wa watu kitu nilichokitamani mimi.

Na kulikuwa na jingine sikuliona hadi msimu uliofuata. Zawadi ilikuwa moja na kubwa, na kila mtu alikwisha mwona Hamza akilenga. Wenzake wakafanya hesabu yao kimya kimya. Kwa nini wajichoshe dunguni kujizoeza kwa ajili ya kitu ambacho tayari kina mwenyewe? Madungu yakabaki wazi zaidi kuliko kabla hatujaanza. Ndege wakastarehe.

Mwaka wa pili nikasema sirudii kosa. Nikanunua vikombe vya bati, vyeupe vyenye ukingo wa buluu, kila atakayekuja apate chake. Nilijiona nimekuwa mwerevu. Uwanja ulijaa kama siku ya harusi. Walikuja hata wasiojua dungu linapandwa kwa wapi, na alikuwapo mmoja wa Usagara aliyekuja kumtembelea shangazi yake. Kila mmoja akasimama, akavuta mpira, akaachia jiwe liende linakopenda. Mtoto mmoja mdogo akaja mbele yangu kabla ya zamu yake, akanisalimu shikamoo kwa adabu zote, kisha akaniuliza, "Naweza kuchukua changu sasa, nikapelekee mama?" Nikampa. Ningemwambia nini? Hamza alipiga kifuu kila alipolenga, na mwishoni akapewa kikombe kilekile walichopewa waliopiga paa la Jumbe. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi.

Haya yote nakueleza taratibu kwa sababu yatakukuta. Utasimama dukani, utaona kitu kinachong'aa, na moyo wako utakichagua kabla hujawafikiria watoto. Au utawaonea huruma wote, uwape wote sawa, na yule aliyejizoeza atajua kwamba hukumwona. Mimi nilipita kote kuwili. Ni makosa ya kawaida, yanachekesha watu, na hayamuumizi mtu sana. La tatu ni tofauti, na la tatu unalijua kwa sababu ulikuwa ndani yake. Unalolijua ni upande wako. Leo nakupa wangu.

Msimu huo wa tatu ulikuwa unaamia shamba la bibi yako. Nilikuletea muhogo wa kuchemsha siku moja adhuhuri, nikakukuta uko juu ya dungu na hukuniona. Chini, kivulini, ulikuwa umeanika vidonge vya udongo wa kichuguu kwenye ungo mbovu. Niliokota kimoja nikakiviringisha vidoleni, nikaokota kingine. Vilikuwa sawa kama gololi za baiskeli. Wavulana walikuwa wanaokota kokoto lolote la njiani, wewe ulikuwa unafinyanga vyako na kuvikausha kivulini visipasuke. Tumbili akatokea upande wa miwaa ya kusukia mikeka. Hukumpiga yeye. Ulipiga shina la mwaa karibu na kichwa chake, akakimbia, akatokea pengine, ukapiga tena karibu na kichwa chake. Nilielewa kwamba ungetaka kumpiga ungempiga. Niliacha muhogo pale chini nikaondoka bila kukuita.

Njiani nilikuwa na furaha. Hilo nataka ulijue, kwa sababu yaliyofuata hayafanani nalo. Nilikuwa na furaha mpaka nilipofika hapa kibandani, kisha nikaanza kufikiri.

Barazani kwa Jumbe, tulipokutana kupanga, mtu mmoja aliuliza kuhusu wasichana. Jumbe akajibu kwamba anayekaa dunguni ni kijana wa dunguni, wa kike na wa kiume, na kwamba mwaka huo nusu ya madungu yalikuwa yamekaliwa na wasichana. Wengine wakaitikia. Mimi nilikuwa nakuona umesimama uwanjani mbele ya watu, mkono mmoja umenyooka, mwingine umevutwa hadi sikioni, na ulikuwa umeanza kuvaa kanga mbili. Nilisikia watakavyosema: fundi amechagua zawadi, binti yake ameichukua. Nilisikia na mengine, ya watakaokuja kuposa na ya watakaoacha kuja. Nikijipima leo, hili la pili ndilo lililonielemea, ingawa kwa mama yako nilitaja lile la kwanza.

Kukukataza nisingeweza. Ungeniuliza sababu, na mbele ya Jumbe sikuwa nayo. Basi nikaona njia nyingine, na wakati ule niliiona nzuri kabisa. Nilipanda baiskeli hadi Pangani, nikavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kwa yule mama ashonaye kofia za viua, nikamwagiza kofia moja nyeupe, ya kazi ya mkono, ya mtu kujivunia siku ya Idd. Akaniuliza kichwa cha mwenyewe kikoje. Sikuwa na kichwa cha kumwonyesha, nikamwambia apime changu, kijana atakua.

Zawadi ikiwa kofia, hakuna haja ya kumkataza msichana yeyote. Kofia inamkataza yenyewe. Nilirudi nikipiga kengele njia nzima.

Ilipokuwa tayari nikaileta hapa, na kabla ya kuitundika nikaijaribu. Kofia yangu ya siku zote unaifahamu, ilikuwa na doa la grisi mbele na jingine nyuma, nilipoishika kwa vidole vya kazi. Nilivaa ile mpya, nikachukua kioo cha baiskeli, nikawa najitazama. Ndipo ulipoingia na chai. Nikaivua haraka, nikaitundika kwenye msumari, nikavaa yangu. Nikakwambia ile ni zawadi ya mashindano, ya mvulana atakayeshinda. Nilitamka neno mvulana polepole. Uliitazama kofia, ukaweka chai, ukaondoka. Nikajiambia umeelewa.

Siku yenyewe ukaja na manati yako na vidonge vyako kwenye ncha ya kanga, ukaingia kwenye mstari. Wasichana wengine hawakuja hata mmoja. Wao walikuwa wameielewa kofia kama nilivyotaka ieleweke, na madungu yao yalihesabiwa kuwa ya kaka zao. Sikukutazama. Nilijishughulisha na kamba ya kifuu.

Unajua ilivyokwenda. Mmoja mmoja wakakosa, mkabaki wewe na Hamza, na kila mlipopewa zamu mlikipiga. Jumbe akaamuru kifuu kibembezwe. Hamza akasubiri, akaachia, kikapita. Wewe hukusubiri sana. Kilipasuka vipande viwili, na kipande kimoja kikabaki kinacheza kwenye kamba. Bibi yako akapiga kigelegele peke yake.

Jumbe akaishika kofia mkononi. Alikuwa mtu mwenye utani, akatabasamu. "Mwanangu Saumu, kofia hii waitakia nini?"

Ukamwuliza, "Ni yangu?"

"Ni yako, umeishinda."

"Basi la kuifanyia nalijua mwenyewe."

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Nimekirudia moyoni mara nyingi na sijasikia ubaya ndani yake. Lakini mimi pale nilisikia ninachotaka kusikia. Nikainuka nikasema, "Jumbe, mpe Hamza. Huyu wangu nitamnunulia kanga."

Jumbe akaigeuza kofia mkononi. Ni mimi baba yako, na mbele ya watu hakutaka kunivunjia heshima. Akakunyooshea mkono wa pongezi, nawe ukampa kidonge ulichokuwa umebaki nacho. Ulidhani, au ulijifanya kudhani, kwamba anataka hicho. Kisha ukatoka uwanjani unatembea kama kawaida, bila kukimbia. Kofia alivishwa Hamza ikamshuka mpaka masikioni.

Kanga nilikununulia kweli, doti nzima, ya rangi uliyokuwa ukiipenda. Ulisema ahsante baba, ukampa bibi yako siku ileile. Manati sikuyaona tena. Msimu uliofuata ulisema unasoma, na ni kweli ulikuwa unasoma, na mimi nilifurahi kukuona na kitabu kwa sababu kilinipa kitu cha kusema watu walipouliza. Shamba la bibi yako likabaki bila mtu. Alikuwa akipanda dunguni mwenyewe kugonga debe, magoti yake yakilalamika kila ngazi. Nilikwenda kumpokea asubuhi chache. Nilichukua manati kutoka hapa kibandani, nikavuta, nikajipiga dole gumba. Ndege waliruka kidogo, wakaona ni mimi, wakarudi.

Nilichojifunza mwaka ule, au nilichodhani nimejifunza, ni hiki. Nilikuwa naifikiria zawadi kama shukrani ya mwisho, kitu cha kumpa mtu kazi ikiisha. Kumbe watoto wanaiona kwanza. Iko msumarini kabla hawajaokota jiwe, nao wanaitazama na kila mmoja anajijua kama ameitwa au hakuitwa. Wewe utakapotundika zawadi zako huko bara, simama kidogo upande wao, uitazame kwa macho ya yule unayedhani hatakuja.

Yule Hamza, jioni ya siku ile, alikuja hapa. Nilidhani amefuata gurudumu. Akanisalimu, akaiweka kofia juu ya meza hii ninayoandikia. Akasema, "Shikamoo baba. Hii nimevishwa kwa kuwa wewe ulisema. Mimi nilikosa." Nikamwambia aiache. Akaitundika mwenyewe kwenye msumari wake, na tangu siku ile haijaondoka. Hukuingia tena humu kwa chai, mama yako ndiye aliyekuwa akiileta, kwa hiyo huenda hukujua ilikuwa humu. Kila asubuhi niliiona nikasema kesho nitampa Saumu. Ilikuwa rahisi kila siku kuisogeza hadi kesho yake, na kadiri siku zilivyosogea ndivyo nilivyokosa maneno ya kukupa nayo.

Mwaka wa nne nilitaka kuiacha kazi ile, Jumbe akakataa. Akasema nimeshazijua njia zote za kukosea, imebaki moja tu ya kupatia. Safari hiyo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikawauliza wenyewe. Nilianza na Hamza. Aliona haya kusema, kisha akasema taa aliipenda lakini hakuitaka. Alichotaka ni mpira mpya wa manati, ule mwekundu wa tyubu nzima usio na kiraka, kwa sababu wa viraka hukatika katikati ya shabaha. Na alitaka achague dungu lake. Kuna dungu la karibu na mto lenye upepo na kivuli cha mkwaju, lingine liko katikati ya jua, nao walikuwa wakipangiwa tu na wazee. Wengine nao wakasema hivyohivyo. Msichana mmoja akasema angependa siku ya ubwabwa wa mavuno sinia lake liwekwe mbele, pamoja na la wazee, mara moja tu aone kukoje.

Basi tukafanya hivyo. Aliyepiga kifuu kikiwa kimetulia alipata mpira mpya. Aliyekipiga kikibembea alichagua dungu. Waliozidisha kuliko walivyokuwa mwaka uliopita, hata kama bado walikosa, walikaa kwenye sinia la mbele. Hatukununua chochote dukani. Madungu yakajaa, ndege wakapungua, na mpaka leo wanafanya vile. Hilo ndilo jibu la swali lako, ukilitaka kwa ufupi: wape kitu kitakachowafanya warudi kulenga tena, na uwaulize kabla hujakichagua. Ulistahili kulisikia palepale mkekani.

Ningeishia hapo. Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuishia hapo, kwa sababu kosa langu nilidhani nalijua lote. Lakini ulipokwenda kumuaga bibi yako baada ya chakula, mama yako alitoa vyombo, akarudi, akakaa mbele yangu. Akasema kuna neno ulimwapisha asiniambie, na kwamba kwa kuwa kesho unaondoka, yeye anaona kiapo kimefika mwisho wake. Nikamwambia aseme.

Akasema, "Ile kofia aliilenga kwa ajili yako."

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba siku ile uliyonikuta nimeivaa ulirudi ndani ukamwambia baba ana kofia ya grisi na Idd inakaribia, na ile mpya imemkaa kichwani kama aliyoshonewa. Ukamwambia utaichukua. Alikuonya kwamba nimeiweka kwa ajili ya wavulana, ukamjibu kwamba basi baba atashangaa zaidi. Ulifinyanga vidonge vipya usiku na usiku. Ulipomwambia Jumbe kwamba la kuifanyia unalijua mwenyewe, ulikuwa na hatua chache tu za kutembea hadi niliposimama.

Nimekaa na maneno hayo tangu wakati huo. Mimi si mtu wa kulia, unanijua, na sikulia. Nimeona haya, Saumu. Niliitundika kofia ikuzuie, nayo ndiyo iliyokuita. Miaka yote hii nilidhani nilikunyima kofia. Kumbe mtunzaji, mwenye kutoa zawadi, ulikuwa wewe, na mimi ndiye niliyekataa kutunzwa, nikampa mtoto wa watu mbele ya kijiji kizima kitu ulichokuwa unaniletea. Naumia zaidi kwa kuwa ulinyamaza. Ungenifokea siku ile ningejua mapema.

Sikuandikii ili uniambie yamekwisha. Utakapokuwa mwalimu utakutana na mtoto aliyeshinda kitu kisichomfaa, na utakuwa na haraka ya kumrekebishia. Muulize kwanza anakipeleka wapi. Jumbe aliuliza, na mimi sikumwacha mtoto ajibu.

Kofia nimeitoa msumarini sasa hivi. Upande uliotazama mlango umeingia umanjano kidogo, na vumbi nimelikung'uta, lakini kazi ya mikono ya yule mama wa Bweni bado nzima, hakuna uzi uliochomoka. Nitaiweka juu ya sanduku lako pamoja na barua hii. Jumbe alisema ni yako, na mimi sikuwa na haki ya kulitengua neno lake. Ukitaka kuwapelekea watoto wa huko, wapelekee, ila uangalie vichwa vyao, kwani ni kubwa. Ukitaka kuiacha hapa, iache. Sitakuuliza waitakia nini.

Ile yangu ya grisi nimeitupa kwenye moto wa mama yako. Kesho nitakusindikiza kwenye basi kichwa wazi.

Baba yako